Kitufe Kikishabonyezwa: Unachoruhusiwa Kurusha na Redio ya Ridhaa

Kompyuta imeunganishwa na redio kwa waya mmoja wa USB. Programu ya mawasiliano ya kidijiti iko wazi, redio imewekwa ijiwashe yenyewe na kurusha kila inaposikia sauti, yaani VOX, na mwenye kituo ameinuka kidogo kwenda kuchukua maji. Barua pepe inaingia. Kompyuta inalia, redio inaamka, na wati 50 za mlio huo zinaondoka kwenye antena. Kama kulikuwa na video iliyosimamishwa kwenye kivinjari na mtoto akaigusa, wimbo mzima utakuwa hewani kabla mwenyewe hajarudi kwenye kiti.

Hakuna aliyekusudia baya, lakini masharti kadhaa yameshavunjwa kwa mpigo: muziki umerushwa, hakuna kituo kilichokuwa kikiitwa, na alama ya wito, yaani herufi na namba zinazotambulisha kituo, haijatajwa. Mtu akisoma masharti ya leseni hufikiria matusi na siasa. Kadi ya sauti haimjii akilini, na huko ndiko kosa linakopenda kuanzia.

Dawa yake ni ya dakika tano. Zima VOX, uiachie programu kazi ya kuiwasha redio kwa amri inayopita kwenye waya wa data. Katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, kadi ya sauti ya redio isiwe ndiyo kifaa kikuu: spika za kawaida zibaki kwenye nafasi hiyo, na kadi ya redio ichaguliwe ndani ya programu ya mawasiliano peke yake. Zima milio yote ya mfumo. Kisha weka kikomo cha muda wa kurusha kwenye redio, dakika tatu kwa mfano, ili hata kitufe kikikwama redio ijikate yenyewe. Kikomo hicho kitakuokoa pia siku mikrofoni itakapodondoka kati ya kiti na mlango wa gari ikiwa imebonyezwa, na mji mzima ukawasikiliza mnavyogombana kuhusu njia ya kupita.

Sentensi iliyozaa masharti yote

Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaeleza katika kifungu 1.56 redio ya ridhaa ni nini. Kwa maneno mepesi: ni huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya kiufundi, inayofanywa na watu waliopewa idhini, wanaoipenda fani ya redio kwa nia yao binafsi na bila maslahi ya fedha. Basi. Ukiishika hiyo, karibu kila katazo utakalokutana nalo kwenye leseni ya nchi yoyote utaliona linatokea wapi. Biashara imekatazwa kwa sababu ya fedha. Utangazaji umekatazwa kwa sababu huduma hii ni ya kuwasiliana, na kuhutubia umma ni kazi ya wengine wenye leseni yao. Kuficha maana kumekatazwa kwa sababu anayejifunza na kuchunguza hana la kumficha msikilizaji, na pia kwa sababu msimamizi wa masafa asiyeelewa kinachosemwa hawezi kujua kama ni biashara au la.

Kifungu cha 25 ndicho kinachoweka mipaka kati ya nchi na nchi. Kinasema mazungumzo ya vituo vya ridhaa vya nchi tofauti yabaki kwenye yale yanayotokana na madhumuni ya huduma hii na maneno ya kibinafsi. Kinataka alama ya wito itajwe kwa vipindi vifupi. Kinakataza kusimba ujumbe ili kuficha maana. Na kinaruhusu ujumbe wa mtu wa tatu, yaani asiye mmoja wa waendeshaji wawili wanaowasiliana, kuvuka mpaka wakati wa dharura au maafa tu. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2003, uliofanyika Geneva, ndio uliokifumua kifungu hiki na kukishona upya. Hapo ndipo pia mtihani wa Morse ulipoachwa mikononi mwa kila nchi.

Chini ya paa hilo kila nchi imejenga vyumba vyake. Mifano mingi hapa nitaitoa Marekani, kwenye sehemu ya 97 ya kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kwa sababu imeandikwa kwa undani kuliko nyingi. Isichukuliwe kuwa ndiyo sheria ya dunia. Leseni yako ndiyo inayokubana wewe.

Fedha

Hapa watu hujikaza kupita kiasi au hujilegeza kupita kiasi. Swali si kama neno "bei" limetajwa hewani. Swali ni nani anafaidika na mawasiliano haya yenyewe. Kumwambia mwenzako mwenye leseni apitie dukani akuletee betri ni maneno ya kibinafsi. Mwenye duka akimwelekeza dereva wake apeleke betri kwa mteja, hiyo ni biashara, hata kama wote wawili wana leseni na wanaongea kwa adabu zote. Mwenye chombo akimwuliza nahodha wake samaki wangapi wamepatikana ili ajue awaambie nini wanunuzi, naye amevuka mstari. Ipo redio ya biashara kwa kazi hiyo, na ina masafa yake.

Marekani mpaka huu ulikuwa mkali zaidi, ukalegezwa 1993. Tangu hapo, mtu akiagiza chakula chake mwenyewe kupitia ripita (kituo kinachopokea ishara na kuirusha upya ifike mbali) yenye laini ya simu hana hatia, maana yeye hapati fedha. Mwenye mgahawa akijibu oda kwa njia hiyo hiyo, ana hatia. Kuuza redio yako ya zamani hewani kunaruhusiwa, mradi kitu chenyewe ni cha matumizi ya kawaida ya kituo cha ridhaa na usifanye hivyo kila mara. Anayeleta redio tano kila Jumamosi, huyo ni mfanyabiashara. Mwalimu anayetumia redio darasani anaweza kupokea mshahara wake bila wasiwasi, ikiwa redio ni sehemu tu ya ufundishaji. Mwajiriwa anaweza kushiriki zoezi la dharura kwa niaba ya mwajiri wake, lakini mazoezi yasiyodhaminiwa na serikali yasizidi saa 1 kwa wiki, isipokuwa mara mbili kwa mwaka ambapo yanaweza kufika hadi saa 72.

Muziki na kurusha vya wengine

Muziki kwa njia ya sauti umekatazwa Marekani na kwingine kwingi, na katazo halijali kama wimbo una haki miliki, ni wa kale, au umeupiga wewe kwa gitaa lako. Kosa la kila siku ni redio ya gari: unabonyeza kitufe huku stesheni ya FM inaimba kwa nyuma. Zoea kuipunguza kabla ya kushika mikrofoni. Ukibonyeza kwanza ndipo uitafute swichi ya sauti, umechelewa.

Vilevile huruhusiwi kuchukua matangazo ya stesheni, redio ya polisi au mawasiliano ya ndege ukayapitisha kwenye masafa ya ridhaa. Kumsimulia mwenzako ulichosikia kwenye taarifa ya habari ni jambo jingine, hayo ni mazungumzo. Na kurusha kwa upande mmoja si lazima kuwe utangazaji: kuita "CQ", wito kwa kituo chochote, bila kujua nani atajibu, majaribio mafupi ya mtambo, mafunzo ya Morse, data za vipimo na taarifa zinazowahusu wanaredio wenyewe, vyote vina nafasi yake kwenye kanuni za Marekani.

Minara ya majaribio inayorusha ishara peke yake ina utata wake. Kwenye 14.100 MHz kuna mtandao wa minara 18 duniani inayopokezana, kila mmoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3: hutaja alama ya wito kwa Morse, kisha hutoa mistari ya sekunde moja kwa wati 100, 10, 1 na 0.1. Ni kipimo kizuri kuliko programu nyingi za kutabiri hali ya masafa, na ndiyo sababu ya kutorusha chochote karibu na namba hiyo. Lakini mtu binafsi anayetaka kuacha WSPR, mfumo wa kupima masafa kwa ishara hafifu, ikirusha usiku kucha huku amelala, asome kwanza. Marekani, kwa mfano, mnara unaojiendesha bila msimamizi unaruhusiwa kwenye vipande vichache vya masafa tu, kama 28.200 hadi 28.300 MHz. Chini ya hapo lazima awepo mtu anayeweza kuuzima.

Kuficha maana

Neno linalobeba katazo ni nia. Morse si siri. Jedwali lake liko kila mahali. Vifupisho vya Q, "73" ya kuagana, lugha yoyote ya binadamu, ujumbe mfupi wa kidijiti wa FT8, picha za SSTV: vyote ni mifumo iliyo wazi ambayo yeyote mwenye kifaa au programu anaweza kuifungua. Sauti ya kidijiti ya DMR hubanwa kwa teknolojia yenye hataza, na wapo wanaolalamika juu ya hilo kwa haki, lakini kwa kuwa yeyote akinunua redio atasikia, si usimbaji wa kuficha. Ugomvi wa kweli uko kwenye barua pepe za redio, kama mfumo wa Winlink, ambapo ujumbe hubanwa na msikilizaji wa pembeni akikosa pakiti moja hawezi kuufungua wote. Mimi naona kubana si kuficha. Ila anayetumia njia hiyo asishangae kuulizwa, na barua za ofisini asizipitishe humo.

Kinachokatazwa bila ubishi ni ufunguo wa siri. Redio nyingi za DMR zina menyu ya faragha: izimwe kwenye kila chaneli ya ridhaa. Vifaa vya Wi-Fi vilivyohamishiwa kwenye masafa ya ridhaa lazima vifanye kazi bila WPA, usimbaji wa kawaida wa Wi-Fi, na hapo tatizo jipya huibuka, kwa sababu karibu tovuti zote leo hutumia HTTPS, ambayo ni usimbaji. Ndiyo maana mitandao hiyo hubeba huduma zake za ndani zisizosimbwa badala ya kuwa njia ya intaneti. Meshtastic, mfumo wa vifaa vidogo vya redio vinavyopitishiana ujumbe, ina hali maalumu kwa wenye leseni: ukiiwasha, usimbaji unazimwa na alama yako ya wito inakuwa jina la kifaa. Ukishaiwasha, kifaa hicho hakisomani tena na vya majirani vinavyotumia ufunguo, na watu hudhani kimeharibika.

Je, nywila ya kuongoza ripita? Hapo tenganisha kuthibitisha na kuficha. Ujumbe ukisomeka na kila mtu lakini ukaambatana na saini ya kidijiti inayothibitisha mtumaji, maana haijafichwa. Amri za kuongoza setilaiti zenyewe zimeruhusiwa wazi na kifungu cha 25 zisimbwe, kwa sababu setilaiti iliyotekwa haina wa kupanda juu kuichomoa waya.

Ukubwa wa ishara nao ni sharti

Watu husoma orodha ya yasiyosemwa, wakasahau kwamba ishara yenyewe ikitoka nje ya masafa ya ridhaa umerusha usichoruhusiwa hata kama ulikuwa ukisalimia tu. Chukua ukanda wa masafa uitwao mita 20, unaoishia 14.350 MHz. Ukitumia SSB, njia ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, ukachagua upande wa juu, namba kwenye kioo cha redio ni ya wimbi bebezi ambalo limefutwa. Sauti yako iko juu yake, kuanzia takriban hertzi 300 hadi 2,800. Ukisimama kwenye 14.348, sauti yako inafika 14.3508. Umetoka. Ishia 14.347, na kama redio ni kuukuu na kipimo chake kimesogea, shuka zaidi. Kwenye mita 40 unapotumia upande wa chini mambo hugeuka: mpaka wa juu haukutishi sana kwa kuwa sauti inashuka, wa chini ndio wa kuangalia.

FM ni pana zaidi. Mchepuko wa kilohertzi 5 na sauti ya kilohertzi 3 hutoa ishara ya takriban kilohertzi 16, kwa hiyo kaa angalau kilohertzi 8 ndani ya mpaka.

Na mpaka wenyewe hubadilika ukivuka bahari. Kanda ya 1 ya ITU, yenye Ulaya na Afrika, mita 40 inaishia 7.200 MHz, Amerika inaishia 7.300. Unaweza kumsikia Mmarekani vizuri kwenye 7.250, lakini ukiwa Afrika huruhusiwi kumjibu hapo hapo. Njia ya kale ni kugawa masafa: unasikiliza juu, unarusha chini ya 7.200, naye anajua akutafute wapi. Kinachoharibu ni kitufe cha kugawa kutobonyezwa. Tazama namba inayoonekana wakati wa kurusha, usiitegemee ile ya wakati wa kusikiliza. Mita 2 nayo ni 144 hadi 146 MHz kanda ya 1, lakini hadi 148 kanda nyingine, na redio iliyonunuliwa kutoka huko haitakuonya.

Njia za kidijiti zina uchafu wake. Ukiongeza sauti ya kompyuta hadi kipimo cha ALC, kidhibiti cha redio cha nguvu ya ishara, kinaruka, ishara ya FT8 ya hertzi 50 inazaa ndugu. Toni ya hertzi 700 iliyosukumwa kupita kiasi hutoa hamoniki, yaani nakala zake kwenye vizidishe vya namba hiyo, kwenye 1,400 na 2,100, zote ndani ya kichujio cha redio, na sasa unawajazia wengine nafasi tatu kwa wakati mmoja. Punguza sauti hadi ALC isisogee kabisa. Kisha washa mgawo wa masafa ndani ya programu: toni zitabaki kati ya 1,500 na 2,000, redio itasogezwa yenyewe, na hamoniki zitaangukia nje ya kichujio.

Kurekebisha antena kufanyike kwenye mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, panapowezekana. Pasipowezekana, sikiliza, uliza kama masafa yana mtu, tumia wati 5 au 10, taja alama yako, maliza upesi. Wati za juu kabisa zilizo kwenye leseni ni kikomo tu. Kanuni ya Marekani inataka nguvu ndogo kabisa inayotosheleza mawasiliano.

Jina lako hewani

Marekani alama ya wito hutajwa angalau kila dakika 10 na mwisho wa mazungumzo, na kwa sauti hutajwa kwa Kiingereza hata kama mnaongea Kihispania. Nchi nyingine zina muda wake. Saa ndogo ya jikoni juu ya meza inatosha. Morse unayoisikia kwenye ripita ni ya ripita, haikutambulishi wewe. Namba ya DMR inayomulika kwenye kioo cha mwenzako pia si mbadala wa alama ya wito. Na ile tabia ya kubonyeza kitufe nusu sekunde ili kusikia kama ripita iko hai, halafu ukanyamaza, ni kurusha bila kujitambulisha. Sema alama yako na "najaribu". Ni sekunde mbili.

Ukiwa mgeni katika nchi zilizokubaliana kwa mpango wa CEPT, umoja wa mamlaka za mawasiliano za Ulaya, tanguliza kiambishi cha nchi uliyomo kabla ya alama yako: F/ ukiwa Ufaransa, DL/ ukiwa Ujerumani. Na unabanwa na sheria za mwenyeji, pamoja na mipaka yake ya masafa.

Mgeni asiye na leseni anaweza kushika mikrofoni yako katika nchi nyingi, ukiwa umekaa naye na kidole karibu na swichi. Lakini sikiliza kwanza aliyejibu yuko wapi. Akiwa nchi nyingine, swali la mtu wa tatu linaingia: bila makubaliano kati ya nchi hizo mbili, chukua mikrofoni mwenyewe. Kanuni za Marekani zinakataza pia mtu aliyenyang'anywa leseni asipitie mlango huu.

Dharura

Maisha yakiwa hatarini na njia za kawaida hazipo, kanuni za Marekani zinasema wazi kwamba hakuna sharti linalomzuia mtu kutumia njia yoyote ya redio aliyo nayo. Kwa hiyo anayesikia mwito wa dharura ananyamaza, anaandika, na anajibu tu kama hakuna aliye karibu zaidi. Dharura ya uongo ni kosa zito, ndiyo maana katika mazoezi kila ujumbe huanza na kuisha kwa "hili ni zoezi". Kuanza tu hakutoshi, maana msikilizaji hufungulia redio katikati.

Ugumu unaosahaulika ni siri za wagonjwa. Usimbaji hauruhusiwi, na kila mwenye redio ya bei nafuu anasikia. Kwa hiyo hospitali ya muda hutoa namba kwa kila majeruhi, orodha ya majina hupelekwa kwa mkono kwenye karatasi, na hewani husikika "namba 14, mtu mzima, anahitaji damu" na hakuna zaidi. Namba hizo haziwi msimbo wa kuficha mawasiliano: kila mtu anaelewa kilichosemwa, ila hajui ni nani. Fomu ya orodha hiyo iandaliwe kabla ya maafa, kwenye ubao wenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kila ujumbe uandikwe na saa ya UTC, masafa, alama ya wito ya aliyetuma na ya aliyepokea.